Sinema Ilipowaita Akina Mama Kiwandani

Majuma machache yaliyopita tulialikwa Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichoko kusini ya mji wa Bagamoyo, kutazama sinema. Shuka jeupe lilikuwa limefungwa baina ya minazi miwili, na kabla watu hawajatoka katika sala ya Isha, watoto walikwisha kukamata nafasi za mbele, kama walivyofanya baba zao zama za gari la sinema la Serikali. Mwenyeji wetu alikuwa ofisa mmoja ambaye kazi aliyokabidhiwa ni kuwashawishi akina mama wa mwambao waingie katika viwanda vilivyojengwa na vitakavyojengwa wilayani. Kwa maoni yake, wananchi wamechoshwa na hotuba za mikutano ya hadhara, na picha inaweza kufanya kwa saa mbili yale ambayo hotuba haikuyafanya kwa miaka miwili. Fikra hiyo si mbaya. Tunaiunga mkono, ila tunayo ya kusema juu yake.

Picha aliyoichagua ilikuwa ya Kiingereza, ya mwaka 1943, iitwayo Millions Like Us. Ilitungwa na kuongozwa na Frank Launder na Sidney Gilliat, kwa himaya ya Wizara ya Habari ya Uingereza, wakati vita vikuu vya pili vimepamba moto na wanaume wamekwisha kupelekwa vitani. Kijana mmoja wa mjini Bagamoyo, hodari wa maneno, alisimama kando ya shuka akawa mkalimani, kwa mtindo ule wa kutafsiri papo kwa papo ambao mabanda ya video yameudumisha hata leo. Tunakiri kwamba mara mbili tatu tulisikia mkalimani akisema maneno ambayo mwigizaji hakuyasema. Lakini watu walicheka panapostahili kicheko, wakanyamaza panapostahili kimya.

Kisa chenyewe ni chepesi. Msichana aitwaye Celia, mwana wa nyumba ya watu wa kawaida, anaitwa katika ofisi ya kazi. Moyoni anaota kuvaa sare za jeshi la anga. Bibi wa ofisi anamweleza kwa upole kwamba nchi inahitaji wanawake milioni nyingine viwandani, na kwamba kiwanda si jambo la kuogopa. Celia anatoka pale amenuna, anakwenda kukaa bwenini pamoja na wasichana waliotoka kila pembe ya nchi, anafundishwa mashine za kuunda vipuri vya ndege za vita, anaizoea kazi, anapata rafiki. Hatimaye anaolewa na askari wa ndege, kijana mwenye haya nyingi. Askari huyo anakwenda kupigana juu ya anga la Ujerumani naye harudi. Mwisho wa picha tunamwona mjane huyo katika kantini ya kiwanda, wenzake wakiimba, ndege zikinguruma juu ya paa kuelekea vitani, naye anafumbua kinywa taratibu akaimba pamoja nao.

Pale Mlingotini hapakusikika hata kikohozi. Akina mama wanaojua maana ya kumngoja mume ambaye bahari haijaamua kumrudisha hawakuhitaji mkalimani kwa sehemu ile.

Hapo ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mkeka, mkulima wa mwani wa siku nyingi, alipomgeukia mkalimani akamuuliza: "Mwanangu, hebu nieleze. Wanawake wote wale pale kiwandani, watoto wao wamewaacha kwa nani?"

Kijana akainama kwa adabu: "Bibi, picha haikusema."

"Basi irudie, huenda imenipita."

Watu wakacheka. Sisi tulicheka nao, lakini swali hilo tulirudi nalo Bagamoyo, na kadiri tulivyolifikiri ndivyo tulivyoona kwamba bibi yule aliifahamu sinema ile kuliko wengi wetu tuliokaa vitini.

Jambo la kwanza ambalo ofisa wetu hakuwaeleza watazamaji ni kwamba sinema ile haikuwa mwito wa hiari. Tangu mwezi Machi 1941 wanawake wa Uingereza walianza kuandikishwa ili wapelekwe kwenye kazi za vita, na mwezi Desemba mwaka huohuo Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwaita kwa lazima wanawake wasio na waume, wenye umri wa miaka 20 hadi 30, waingie katika majeshi au kazi nyingine za vita. Picha ilipotoka mwaka 1943, Celia halisi alikuwa kiwandani tayari. Kazi ya sinema ilikuwa kumliwaza na kumwonyesha kwamba hayuko peke yake. Sheria ilitangulia, mishahara ikafuata, na sinema ikaja nyuma ikiwa na kitambaa cha kufuta machozi. Anayedhani kwamba Waingereza waliwajaza wanawake viwandani kwa uzuri wa picha amekosea hesabu.

Tena kulikuwa na mambo ambayo hayakutoshea katika picha. Swali la bibi wa Mlingotini lilikuwa limekwisha kuulizwa huko kwao na akina mama wenye watoto, na kwa sauti kubwa. Ndipo Serikali yao ilipolazimika kufungua vituo vya kulelea watoto, zaidi ya elfu moja kabla vita havijakwisha. Ama kuhusu ujira, mwanamke katika viwanda vya mitambo alipata takriban nusu ya alichopata mwanamume. Mwaka uleule wa 1943 uliotoa sinema ya Celia, wafanyakazi wapatao 16,000 wa kiwanda cha injini za ndege cha Hillington, karibu na Glasgow, wengi wao wakiwa wanawake, waliweka zana chini na kugoma wakidai ujira wa haki. Kiwanda hiki cha mgomo na kile cha sinema vilikuwa katika nchi moja, mwaka mmoja, na kazi moja ya kuunda ndege. Mmoja uliletwa kwetu juu ya shuka jeupe. Wa pili hatukuletewa.

Kwa haki ya watunzi wa picha ile lazima tuseme kwamba hawakuwa waongo. Mna sehemu fupi ndani yake ambayo kwa maoni yetu ni bora kuliko zote. Msimamizi wa kiwanda, mtu wa tabaka la wavuja jasho, anapendana na mfanyakazi wake, binti wa watu wenye mali ambaye vita vimemtoa katika starehe zake. Binti yuko tayari kuolewa. Msimamizi anakataa, si kwa kuwa hampendi. Anamwambia kwamba leo wako pamoja kwa sababu ya vita, na hawezi kuamua jambo kubwa kama hilo kabla ya kujua kama baada ya vita mambo yatabaki hivi au yatarudi kulekule kwa zamani. Sinema ya Serikali, iliyotengenezwa ili kutia watu moyo, ilithubutu kuuliza swali ambalo Serikali yenyewe haikuwa na jibu lake.

Jibu lilikuja baada ya mwaka 1945, nalo halikuwafurahisha wanawake wengi. Fedha za vituo vya watoto zilipunguzwa, vingi vikafungwa. Wanaume walirudi na mashine zao wakazidai.

Huko Marekani hali ilikuwa hiyohiyo, na labda dhihaka yake ilizidi. Serikali yao ilitoa mwaka 1943 picha fupi iitwayo Glamour Girls of 1943, ikiwaambia wanawake kwamba kazi ya kiwanda haina tofauti kubwa na kazi za nyumbani: aliyezoea kukata kitambaa cha gauni atakata bati la ndege, aliyezoea kuoka keki atachoma vyuma katika tanuri. Miaka 37 baadaye, mwaka 1980, mama mmoja mtengenezaji wa filamu, Connie Field, aliwatafuta wanawake watano waliofanya kazi hizo, watatu kati yao wakiwa weusi, akazichanganya picha zile za Serikali na masimulizi yao wenyewe. Aisifuye mvua imemnyea. Na wanawake wale hawakuisifu tu, bali walieleza pia ilikovuja. Walieleza fahari ya kushika ufundi na kupokea mshahara wa maana kwa mara ya kwanza. Kisha wakaeleza walivyoachishwa kazi amani ilipokuja, na jinsi sinema mpya zilivyogeuza kauli na kuwaambia kwamba mahali pao ni nyumbani na watoto wao. Mtazamaji huona picha ya zamani na mtu wa leo kwa pamoja, akaamua mwenyewe.

Sasa tuje kwetu, maana huenda msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia akauliza habari za Wazungu na wake zao zinamhusu nini.

Zinamhusu kwa sababu Wizara ileile ya Habari iliyomwita Celia kiwandani ndiyo iliyokuwa na idara ya filamu za makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1939 ili kuwaeleza watawaliwa habari za vita na kuwataka msaada. Mwongozaji wake, William Sellers, alishika nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ya haraka; basi filamu zake ziwe za taratibu, zisizo na mbinu, kama mtu anayesema na mtoto. Mwaka 1940 idara hiyo ilitoa picha iitwayo Mr. English at Home, yaani Bwana Mwingereza nyumbani kwake. Ndani yake mume anakwenda kazini, watoto wanakwenda shule, na mke anabaki na nyumba. Hiyo ndiyo iliyotengenezwa ili Waafrika waone ustaarabu ulivyo. Tuizingatie miaka hiyo. Baada ya muda mfupi tu, Serikali hiyohiyo ilikuwa ikimwambia Bibi English avue aproni aende kiwandani, ilhali makoloni yaliletewa picha ya bibi asiyetoka jikoni. Hatuamini kwamba ilikuwa njama. Lakini mwenye kushika projekta ndiye anayeamua mwanamke gani aonekane na gani afichwe.

Hata kabla ya hapo sinema ilikuwa imekwisha kufika nyuma ya mwambao wetu huu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika, ambao ulitoa filamu takriban 35: juu ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka akiba katika benki ya posta, na mengine ya namna hiyo. Msimamizi wake, Meja L. A. Notcutt, aliwahi kuwa meneja wa shamba la mkonge, na fikra ya sinema ilimjia akiwa huko mwaka 1926, alipoona kwamba inaweza kuwafanya vibarua waridhike. Tunaomba msomaji asiipite haraka habari hiyo. Mkonge! Zao lilelile ambalo Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, Waingereza walilitegemea kwa kamba za meli zao, hata wanaume wa Tanganyika wakakamatwa kwa sheria na kupelekwa mashambani kwa nguvu. Wanawake waliobaki vijijini walilima peke yao, wakalea peke yao, wakangoja. Wao nao walikuwa wafanyakazi wa vita, kwa sababu bila mihogo yao na mahindi yao nyumba zisingesimama. Sinema ya kuwaita haikuhitajika, kwa kuwa hapakuwa na aliyedhani kwamba hawafanyi kazi tayari, wala aliyedhani kwamba wanastahili kulipwa.

Ndiyo maana tunasita tunapomsikia ofisa akisema kwamba lengo la sinema ni "kuwazoesha akina mama kazi". Mama wa Mlingotini huingia baharini maji yakiwa magotini, akafunga mbegu za mwani katika kamba, akavuna, akabeba, akaanika. Wa Saadani wako katika chumvi. Wa Dunda na Magomeni mjini Bagamoyo wanakaanga samaki alfajiri wengine tukiwa bado tumejifunika. Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua hilo kuliko sisi, kwa kuwa kilimo cha mwani kilipoanza kushika huko mwaka 1989 ni wanawake waliokibeba, na hata leo ni wao walio wengi. Hawa hawana haja ya kufundishwa jasho. Wanachohitaji kujua ni kama kiwanda kitawapa kilicho bora kuliko wanachokiacha.

Wala nafasi si za kufikirika. Katika shamba la Razaba, ambalo wasomaji wetu wa Visiwani hawahitaji kuambiwa kwamba jina lake ni kifupi cha Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, pale palipokusudiwa ng'ombe sasa pamepandwa miwa, na kiwanda cha sukari kilianza uzalishaji mwaka 2022. Huko Pemba, Serikali ya Mapinduzi iliamua kujenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, ili zao hilo lisiendelee kuuzwa likiwa kavu tu kwa bei ya mnunuzi. Haya ni mambo ya kheri na tunayatakia mafanikio.

Basi sinema itengenezwe. Na itengenezwe hapa. Bagamoyo ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na vijana wanaojua kushika kamera hawakosekani. Upande wa pili wa mlango wa bahari, tamasha la filamu la Zanzibar limekuwako tangu mwaka 1998, na miongoni mwa mambo yake mazuri ni kupeleka picha vijijini badala ya kuwangoja wanakijiji waje Ngome Kongwe. Hatuoni sababu ya kumkodi Celia wa mwaka 1943 azungumze na mama wa Mlingotini.

Lakini filamu hiyo iwe na sheria ndani yake, siyo nyimbo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mwanamke anayejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijaliwa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Inakataza kumfanyisha kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada yake. Inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi ili amnyonyeshe mtoto. Kila saa ya kazi ya usiku inastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Zanzibar inayo sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na watengenezaji wa huko wataifuata hiyo. Tuliwauliza akina mama waliokuwa karibu nasi usiku ule kama wamepata kusikia habari za saa mbili za kunyonyesha. Mmoja alidhani tunamtania.

Aidha, picha isionyeshwe na kuondolewa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, redio ilisema kidogo na watu wakasema zaidi: takriban wananchi milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walioipanga kampeni ile walifahamu kwamba chombo cha habari hufungua mazungumzo tu, na kwamba ubishi ndio unaokwenda na mtu nyumbani. Ofisa wetu alikuwa anataka kuzima mashine na kufunga shuka mara tu jina la mwisho lilipopita. Aliyemzuia ni yule bibi wa mkeka, akisema kwamba haiwezekani mtu aletewe mgeni hadi barazani kisha asiruhusiwe kumjulia hali.

Mashine ikaachwa ikiwaka ili iwe taa, na mazungumzo yakaendelea hadi maji yalipoanza kujaa. Baba mmoja alisimama kusema kwamba mke kulala bwenini kama wale wa Uingereza halimpendezi, akajibiwa na mkewe mwenyewe kwamba halijampendeza hata yeye, lakini deni la dukani nalo halimpendezi. Wengine waliuliza kuhusu ushungi mbele ya mashine, na mahali pa kusalia. Hayo ni maswali ya haki, tena mepesi kujibiwa na meneja mwenye nia njema.

Wa mwisho kusema alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, ambaye tangu mwanzo hakuwa ametia neno. Alimwamkia ofisa, akasema kwamba yeye kazi anaitaka, na hahitaji kuonyeshwa sinema nyingine. Anataka kuambiwa neno moja. Zamu ya usiku ikiisha saa nane, gari la wafanyakazi litamshusha kwenye barabara ya lami, atembee peke yake gizani njia yote ya vumbi hadi kijijini, au litamfikisha Mlingotini?

Ofisa alitoa daftari, akaliandika swali, akaahidi kwamba jibu litaletwa kabla ya mwezi kwisha. Hadi tunakwenda mitamboni lilikuwa halijaletwa.